Chuma Hakingoji Mchoro

Kibanda cha mhunzi hujengwa kiwe na giza. Mgeni akiingia hudhani ni ufukara: hakuna dirisha, kuta zimejaa masizi, mlango ni mmoja na umeelekezwa upande ambao jua la asubuhi halifikii tanuri. Giza lile ni nyenzo ya kazi sawa na nyundo. Chuma huanza kutoa mwanga wake chenyewe kikishavuka nyuzi joto 500 hivi, na wekundu ule wa mwanzo ni hafifu mno. Kitoe juani, utakiona cheusi, na ukikigusa ngozi yako inabaki imenata juu yake. Ndani ya giza unaona kila hatua ya moto inavyopanda, na kila hatua ina neno lake: sasa unaweza kufanya hiki, kile bado, na kile kingine umeshachelewa.

Nimeanza na giza kwa makusudi, kwa kuwa watu wanaonijia kuulizia vitu ninavyotengeneza, mageti yenye majani, vinara, ndege wa kuweka bustanini, karibu wote huanza na swali la mchoro. Mchoro uko wapi? Ulichora kwanza, au ulinakili mtandaoni? Wakisikia kwamba jani lile halikuwahi kuchorwa popote, wengine hufurahi na kusema nina kipaji, kwamba mambo yananijia tu. Husema hivyo kwa nia njema nami huwashukuru, lakini maneno hayo yanafunika jambo ninaloliona kubwa kuliko yote katika kazi hii, yaani huko "kunijia" kunakotoka.

Nilifundishwa na mjomba, kaka yake mama, huko Mamba, kwenye miteremko ya Kilimanjaro jirani na Marangu. Mamba ni nchi ya wahunzi tangu enzi. Zamani chuma ghafi kilitoka Ugweno, kaskazini mwa Upare, ambako ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi; Wachagga walikinunua, wakakifua majembe, mikuki na mashoka. Siku hizi hakuna anayeyeyusha mawe. Tunatumia skrepa: springi za malori, ekseli, nondo zilizobaki kwenye ujenzi. Springi ya gari ina kaboni kama asilimia 0.6, na hiyo ndiyo inayoiwezesha kushika makali. Nondo ya kawaida ina kaboni kidogo sana, haifai kisu, lakini kwa ua au jani ni tamu kuifanyia kazi kwa sababu inakubali kukunjwa bila ubishi. Mjomba hakuzungumza habari za kaboni. Aliokota kipande, akakigonga kwenye fuawe, lile pande la chuma la kufulia, akasikiliza, akasema hiki kina moyo, hiki hakina. Nilipokuja kusoma vitabu miaka mingi baadaye nilikuta mafungu yake ndiyo yale yale ya vitabuni.

Kipimajoto nacho hakuwahi kukishika. Rangi za moto alizipa majina ya sokoni: nyanya, chungwa, ndizi mbivu. Nyanya ni kama nyuzi joto 800, chungwa 950, ndizi mbivu inapita 1,100. Zaidi ya hapo chuma kinakuwa cheupe na kuanza kurusha cheche, maana yake chenyewe kinaungua, na kipande kilichofika huko hakirudi kuwa kitu. Majina hayo ninayatumia mpaka leo na wanafunzi wangu wanayatumia. Nimeongeza moja tu ambalo mjomba hakuwa nalo, la sumaku: chuma kikifika nyuzi joto 770 sumaku haikishiki tena, na kwa mwanafunzi ambaye jicho lake halijakomaa, kipande cha sumaku kilichofungwa kwenye waya ni mwalimu mzuri. Lakini baada ya muda namnyang'anya. Akikaa nacho sana jicho linalala. (Na wale wanaotaka kujaribu nyumbani wavae miwani ya kukinga macho. Mjomba hakuwa nayo, na uzeeni macho na masikio yake vilimlipisha.)

Kazi yangu ya kwanza, na kwa muda mrefu kazi yangu pekee, ilikuwa kuvukuta. Mivukuto yetu ilikuwa viriba viwili vya ngozi ya mbuzi, kila kimoja kina mdomo wenye vijiti viwili. Unafungua vijiti kwa vidole ukiinua, kiriba kinajaa hewa. Unabana na kukandamiza, hewa inakwenda motoni kupitia mrija wa udongo. Mkono wa kulia ukipanda wa kushoto unashuka, na moto haupaswi kuhisi pengo kati ya pumzi na pumzi. Mtoto anayeanza huvukuta kwa nguvu, mkaa unaruka, kati kunakuwa kweupe na pembeni kweusi, na chuma kinaungua ncha huku shina lake halijapata hata wekundu.

Mjomba hakusema "ongeza" wala "punguza". Alinyamaza. Ilinibidi nitazame bega lake. Bega likishuka kidogo, anakaribia kutoa chuma motoni, kwa hiyo moto upumue taratibu usije ukakila chuma dakika ya mwisho. Akihamisha koleo kutoka mkono huu kwenda huu, anarudisha kipande, kwa hiyo hewa ianze kabla hakijagusa mkaa. Nilikaa pale nikidhani ninapoteza ujana wangu kwenye ngozi za mbuzi, na huku mwili ulikuwa unakariri kazi nzima ya uhunzi bila kushika nyundo. Siku aliponipa nyundo nilikuta tayari najua lini nipige. Sikujua namna ya kupiga, hilo lilichukua muda wake, lakini lini nilijua.

Mtu aliyekaa tu kando ya mhunzi hudhani ile nyundo inayogonga fuawe tupu kati ya mapigo ni mbwembwe. Hapana. Chuma kikiwa ndizi mbivu sauti yake ni nzito na fupi, nyundo inazama. Kikipoa sauti inapanda na kukaza, na nyundo inaanza kurudishwa. Yale mapigo mepesi kwenye fuawe yanampa mhunzi nafasi ya kutazama na kuamua pigo linalofuata liende wapi, bila kukata mwendo wa mkono. Mkono ukisimama kabisa, ukaanza upya, pigo la kwanza baada ya kusimama huwa la ovyo. Kwa hiyo unaendelea kugonga huku unafikiri, ingawa kufikiri kwenyewe si kwa maneno. Kipande chembamba nje ya moto kinakupa sekunde 10 au 15. Hakuna mtu anayeweza kujadiliana na nafsi yake kwa maneno ndani ya sekunde 15 na bado akapiga sawasawa mara kumi na zaidi.

Ndiyo maana nasema chuma hakingoji mchoro. Mchoro ni mawazo yaliyofanywa jana, na moto wa leo si wa jana. Mkaa una unyevu mwingine, kipande kina historia nyingine, pengine kina ufa wa miaka ya barabarani usioonekana mpaka kiive.

Nitaeleza kisa kimoja nilichokishuhudia kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa kwamba mjomba alikuwa msanii, ingawa hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

Mama mmoja wa kijiji cha jirani alileta mundu wake wa kukatia majani ya ng'ombe. Ulikuwa umelika umebaki kama kidole, akataka mpya wa kufanana nao. Kwetu ng'ombe hufugwa bandani, na majani wanaletewa, mara nyingi na akina mama, yamekatwa kwenye kingo za mifereji na miteremko mikali. Baada ya salamu mjomba aliuchukua ule mundu, akautoa nje kwenye mwanga, akapitisha dole gumba mgongoni mwa bamba taratibu kutoka mpini hadi ncha. Akaugeuza. Akaupitisha tena.

"Mama, wewe unakatia kushoto."

Yule mama alicheka kwa haya. "Nilichapwa sana utotoni niache, mzee. Vingine vyote niliacha. Majani yamenishinda."

"Na hukati kwa tumbo la mundu. Unakata kwa ncha, kidogo kidogo."

"Kule kwangu ni mtelemko. Nikivuta kwa nguvu nateleza."

Mundu wa kawaida hunolewa upande mmoja tu, na upande huo ni kwa ajili ya mkono wa kulia. Maisha yake yote yule mama alikuwa akikata kwa chombo kinachomsukumia mkono mbali na jani. Mjomba alisoma hayo kwenye uso wa chuma kilicholika: makwaruzo yalilala upande usiotarajiwa, na ncha ilikuwa imekwisha wakati katikati bado kulikuwa na unene. Alichukua kipande cha springi akaanza kazi bila kupima kitu. Makali aliyapeleka upande wa pili. Mpindo, ambao kwa kawaida huanzia karibu na mpini, aliuacha unyooke kwanza, kisha akaukunja ghafla karibu na ncha ili nguvu yote ikae pale mama anapokatia. Sijawahi kuona mundu wa namna ile kabla wala baadaye. Ulipendeza kuutazama hata kama hujui kazi yake, mstari wake ulikuwa na utulivu halafu haraka.

Kisha ukaja moto wa mwisho. Chuma cha springi kikifika nyanya kinatumbukizwa kwenye oili chafu, na kikitoka kinakuwa kigumu kiasi cha kuweza kuvunjika kikianguka kwenye jiwe. Kwa hiyo unasugua upande mmoja kwa jiwe mpaka ung'ae, unakirudishia joto polepole kutokea mgongoni, na unasubiri rangi zitembee juu ya ule mng'ao: kwanza njano ya nyasi kavu karibu na nyuzi joto 220, halafu kahawia, halafu zambarau karibu 280, halafu bluu karibu 300. Kila rangi ni ugumu uliopungua na uvumilivu ulioongezeka. Wembe unauzuia kwenye njano, springi unaiacha ifike bluu. Mjomba aliuzuia mundu ule kwenye kahawia inayogeuka zambarau, ila ncha aliiacha mbele kidogo ya bamba lingine, kwa sababu ya mawe ya kwenye kingo za mfereji. Alifanya hivyo akiwa anaongea na mtu mwingine kuhusu bei ya kahawa.

Bei aliyomtoza yule mama ilikuwa ile ile ya mundu wowote.

Nimeshaona kazi za wachongaji waliosoma, nimeshatembelea maonyesho Arusha na Dar es Salaam, na bado nikiulizwa mfano wa sanaa inayotoka kwenye kuhisi natoa ule mundu. Pale hapakuwa na tofauti kati ya kumwelewa mtu, kukielewa chuma na kuunda umbo zuri. Vilikuwa kitendo kimoja, kwa wakati mmoja, kwa mkono mmoja.

Sasa, habari ya damu. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki uhunzi ulikuwa mali ya ukoo, na watu waliamini mkono wa mhunzi unarithiwa. Kwa Wamasai, Ilkunono ndio waliofua mikuki na sime, na jamii nzima iliwategemea, lakini haikutaka kuoana nao. Kwetu nilikua nikisikia kwamba nyundo ya mhunzi haivukwi na laana yake haina dawa. Mimi ni mtoto wa dada, ukoo wangu ni mwingine, na wazee wa upande wa mjomba walinung'unika walipoona ananiweka kwenye fuawe. Aliwajibu kwamba njooni jioni mnieleze kama moto umemkataa. Hawakuja, na maneno yakaishia hapo.

Naheshimu hizo koo. Ndizo zilizolinda ujuzi wakati hakuna shule wala maandishi. Lakini ninakataa kabisa wazo kwamba mkono unaojua umezaliwa unajua. Tazama kilichotokea kwa Wahaya. Katika miaka ya 1970 mtafiti Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Buhaya, mkoani Kagera, wajenge tena tanuri la kuyeyushia chuma kama la baba zao. Walikuwa hawajaifanya kazi hiyo kwa miongo mingi. Majembe ya dukani yalikuwa yameshaizima. Majaribio ya mwanzo hayakuzaa chuma kizuri. Waliendelea, wakarekebisha, wakabishana, wakakumbushana, mpaka tanuri likafanya kazi. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery wakachapisha maelezo ya tanuri hilo na ya mabaki ya kale ya eneo lile, wakionyesha kwamba mababu wa huko walikuwa wakizalisha chuma chenye kaboni zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, kwa mirija ya udongo iliyoingizwa ndani kabisa ya tanuri hata hewa ikapata joto kabla ya kufika motoni.

Wengi wakisimulia habari hiyo husifu ile teknolojia, na inastahili. Mimi hunigusa wale wazee na majaribio yao ya mwanzo. Damu ilikuwa ile ile na koo zile zile, lakini kilichokuwa kimepungua ni mazoezi, na yaliporudi, kuhisi kukarudi. Kwa hiyo mtu akiniambia nina kipaji, namwonyesha mivukuto.

Kuna upande mwingine unaoniuma. Tunasema wahunzi wa zamani walikuwa mafundi tu, na sanaa imeanza walipokuja watu wanaotia sahihi kazi zao. Si kweli, na ushahidi upo. Katika ufalme wa Dahomey, ambao leo ni sehemu ya Benin, mhunzi aliyeitwa Akati Ekplékendo alitengeneza sanamu ya chuma ya mungu Gou, mungu wa chuma na vita, kabla ya mwaka 1858. Ina urefu wa zaidi ya mita moja na nusu, mtu aliyesimama na mavazi ya bati, kichwani amebeba zana za chuma. Wafaransa waliichukua vitani, na leo imo katika jumba la Louvre, Paris. Jina la mhunzi tunalijua. Ni mangapi ambayo hatuyajui, ya watu waliofua mikuki ambayo makumbusho ya Ulaya yameiandikia "Wamasai" au "Wachagga" na basi?

Nilipohamia Arusha nilijikuta kwenye mji wa kuchomelea. Vijana wana mashine za kuchomelea, grenda na maua ya chuma yaliyotengenezwa tayari kiwandani ng'ambo, yanauzwa kwa kilo. Unanunua mzabibu, unauchomelea kwenye flati baa, yaani chuma bapa, unapaka rangi ya dhahabu, geti limekwisha. Sidharau. Kuna watu waliofanya makubwa kwa kuchomelea. Kioko Mwitiki wa Kenya alijipatia jina kwa sanamu za wanyama alizounda kwa vyuma chakavu, na ukimtazama tembo wake unaona jicho lililokaa na tembo. Ninachosema ni kwamba kuunganisha na kufua ni njia mbili tofauti za kufikiri. Anayeunganisha ana nafasi ya kurudi nyuma, kutazama, kukata na kuanza tena. Anayefua anakwenda mbele tu. Kilichonyooshwa kinaweza kufupishwa kidogo, kwa shida, lakini kila moto unaoongeza unakula chuma, magamba meusi yanamwagika chini, na kipande kinarudi kikiwa kimechoka.

Kazi iliyonifundisha zaidi huko mjini ilikuwa geti la nyumba moja ambalo mwenyewe alitaka majani ya mgomba. Alitaka pia mchoro kamili kabla ya kutoa malipo ya awali. Tulibishana kwa adabu. Mwishowe nilimpa mchoro wa fremu tu: upana, urefu, bawaba, mahali pa komeo, vyote kwa milimita, maana fremu ikikosea geti halifungi. Ndani ya fremu nikaandika "majani". Akanitazama, akatia sahihi.

Tangu hapo ndivyo ninavyofanya kazi zote. Kila kinachopaswa kukutana na kitu kingine, bawaba na nguzo, tenoni, yaani ulimi wa kuunganishia, na tundu lake, kinapimwa na kuandikwa, na hapo simruhusu mtu anieleze habari za hisia. Lililobaki ni la mkono. Nimeona wasanii vijana wakivuruga hapa, wanataka uhuru mpaka kwenye bawaba, halafu mlango unakwaruza sakafu na wanasema ndiyo mtindo.

Jani lenyewe linatoka kwenye nondo ya milimita 12. Unapasha ncha hadi ndizi mbivu, unaichonga iwe kali kwa nyundo. Unarudi nyuma kidogo, unaweka nondo kwenye ukingo wa fuawe na kupiga nusu ndani nusu nje, hapo shingo inazaliwa, ile sehemu jani linapoanza kuwa bua. Moto tena. Sasa unapanua, na hapa ndipo mtu anajulikana. Ukitumia uso bapa wa nyundo chuma kinaenda kila upande na jani linakuwa kijiko. Unatumia upande mwembamba, unapiga kutoka katikati kwenda pembeni, kwa mshazari, na kila pigo linasukuma chuma kuelekea ukingoni na kuacha mfereji mdogo. Ile mifereji ndiyo mishipa ya jani. Huichori, imetokana na safari ya nyundo. Katikati hapaguswi, panabaki uti. Jani la mgomba halibaki zima, upepo wa Kilimanjaro unalipasua, kwa hiyo nachukua patasi na kulipasua likiwa bado chungwa, kufuata mshipa, mpasuo huu mrefu, ule mfupi.

Moto wa mwisho ni wa nyanya tu, usiozidi, kwa sababu jani sasa ni jembamba na linaungua upesi. Unalitoa, na ndani ya hesabu ya polepole ya kumi unatakiwa ulipe mkao wake: linainama wapi, upande upi unajikunja, kipi kati ya vipande vilivyopasuka kinasimama na kipi kinalala. Hapo sina mpango. Ninachojua ni lile jani la jirani yake lililokwishakaa kwenye fremu, na mahali nafasi ilipo wazi. Koleo inakwenda. Likishapoa, nalisugua kwa brashi ya waya na kulipaka nta ya nyuki likiwa bado na uvuguvugu, rangi yake inakuwa nyeusi yenye kina. Majani yote ya geti lile yalikaa hivyo, hakuna mawili yanayofanana, na yakikaa pamoja unaona upepo umevuma kutoka upande mmoja. Sikuupanga upepo. Nadhani ulitoka kwenye migomba niliyopita chini yake kila siku nikienda kuvukuta.

Leo ninafundisha, na nimejiuliza sana namna ya kumfikisha kijana wa mjini pale ambapo mimi nilifikishwa na ngozi za mbuzi. Tanuri langu lina feni ya umeme. Hakuna wa kuvukuta. Nimepata njia mbili. Ya kwanza ni udongo wa mfinyanzi. Udongo mbichi unasogea chini ya nyundo karibu sawasawa na chuma kilichoiva, kwa hiyo mwanafunzi anatengeneza kipande kirefu cha udongo, anakipiga kwa nyundo ya mbao, na anaona umbo linavyotaka kwenda, bila moto, bila haraka. Ya pili ni kulabu. Kulabu ya kutundikia sufuria, moja baada ya nyingine, mpaka mwanafunzi aanze kuchoka, na baada ya kuchoka aanze kuona kwamba ile ya leo imekunjika vizuri zaidi na hajui kwa nini. Hapo ndipo ninapomwambia aanze kutengeneza anachotaka. Kabla ya hapo, anachotaka kinatoka kwenye simu.

Nina mwanafunzi mmoja binti ambaye amefika hapo mwaka huu. Anachora sana, kuliko mimi, kwa chaki, sakafuni, kwa ukubwa halisi, halafu anafua akisimama juu ya mchoro wake. Mwanzoni nilitaka kumkataza. Nikamwacha, nikaona kwamba kila akirudi motoni anafuta kidogo kwa kiatu na kuchora upya kufuata chuma kilivyogeuka, kwa hiyo mchoro wake unafuata nyundo. Sasa hivi anatengeneza kinara chenye shina lililosokotwa, na tunabishana kuhusu kitako: yeye anataka kukichomelea, mimi nataka kifuliwe kutoka kipande hicho hicho. Ameniambia, kwa heshima zote, "Shikamoo mwalimu, lakini kinara ni changu." Jumatatu atakichomelea, na mimi nitashika upande wa pili.